Nilifunga mfumo wa gesi kwenye Probox ya Moshi–Dar: miezi 8 baadaye

Kila wiki nabeba ndizi kutoka Kiborloni hadi soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo, Dar. Mfumo wa gesi asilia nilifungiwa Dar kwa shilingi milioni 1.9, na majirani hapa Moshi hawaishi kuniuliza kama na wao wafunge.

Niliwekewa mezani aina mbili. Ile ya bei nafuu gesi inavutwa pamoja na hewa tu, haina injekta zake, yaani vile vifaa vya kunyunyizia mafuta kwenye injini. Nikachukua ya pili, yenye injekta nne na kompyuta yake, kila silinda inapewa gesi kwa zamu. Kwa gari la injekta, ile ya kwanza usihangaike nayo. Na mtungi usiukubali kwa kung'aa. Nilipiga magoti nyuma ya gari na tochi ya simu, nikasoma maandishi yaliyogongwa kwenye chuma karibu na shingo: ECE R110 (kiwango cha kimataifa cha vifaa vya gesi vya magari), lita 60, bar 200 (kipimo cha mgandamizo), mwaka wa kutengenezwa. Mtungi walioniletea kwanza ulikuwa umepakwa rangi nzito hadi maandishi hayasomeki. Niliukataa.

Kilichonitesa ni kuseti. Fundi alichomeka laptopu gari likiwa limesimama uwanjani, dakika kumi, akafunga boneti. Narudi Moshi na katoni za sabuni, napandisha baada ya daraja la Wami, gari likaanza kukohoa, taa ya injini ikawaka. Nikabonyeza swichi, likarudi kwenye petroli, likapanda. Nikampigia. "Mangi, hiyo ni kawaida, litazoea."

Halikuzoea. Safari iliyofuata nilitafuta fundi mwingine. Huyu alikaa kiti cha pembeni, laptopu mapajani, tukaenda Kibaha na kurudi na mzigo ndani, akirekebisha huku naendesha. Akabadilisha na plagi. Maungio yote ya bomba akayapaka povu la sabuni, tukainama wote wawili kuangalia kama kuna linalotoa mapovu. Tangu siku hiyo halijakohoa tena. Huyo ndiye fundi wa kumlipa, hata akikuzidishia laki.

Mlimani nguvu imepungua kidogo, naivumilia. Kinachoniuma ni mtungi kula nafasi ya mikungu minne.

Mtungi ukijaa Dar unaingia kama kilo 10 za gesi, na nikirudi na mzigo gesi inaniishia nikikaribia Mkata. Kutoka hapo mpaka nyumbani ni petroli. Faida yangu iko Dar, zile siku mbili za kuzungusha mzigo kwa wateja.

Jirani yangu mwenye teksi, IST, hatoki Moshi mjini. Aliniuliza kama anaweza kujazia mtungi wa kupikia. Hapana kabisa. Gesi ya jikoni ni propani na butani, inakaa kama maji ndani ya mtungi kwa mgandamizo mdogo. Hii yangu ni methani, imeshindiliwa mpaka bar 200, na vifaa vyake ni tofauti. Nimemwambia hela yake aitunze mpaka apate pa kujaza kwenye njia anayopita yeye.