Uzoefu wangu: stelingi ya umeme Mwanza, fundi yupo, spea ndiyo kazi

Gari langu ni dogo la Kijapani, cc 1300, lenye usukani wa umeme. Taa iliyoandikwa EPS, yaani ya huo usukani wa umeme, ilianza kuwaka kwa kubahatisha: nazima gari, nawasha, inapotea. Baadaye ikawa inawaka moja kwa moja na usukani unakuwa mgumu palepale. Gari bado linakata kona, maana usukani umeungana na magurudumu kwa vyuma na si kwa waya, ila ule msaada wa mota haupo tena. Barabara kuu husikii sana. Mimi husambaza dagaa mpaka Sengerema, na lile daraja la Kigongo–Busisi la kilomita 3 nililivuka vizuri tu usukani ukiwa umekufa. Ngoja sasa urudishe gari kinyumenyume dukani kwa mteja, au ujipenyeze soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi malori yameziba kila upande, ndipo utajua hujui. Na mimi nakaa Isamilo, mlima na kona zake.

Gereji ya kwanza niliyopita waliniambia pampu. Pampu ipi? Usukani wa umeme hauna pampu, hauna mafuta, hauna mkanda. Kuna mota kwenye stelingi kolamu, ule mhimili unaobeba usukani, chini ya dashibodi, kuna sensa inayopima nguvu unayotia mkononi, na kompyuta yake ndogo inayoiambia mota isaidie kiasi gani. Yule kijana alikuwa ameshafungua boneti, chupa ya mafuta mkononi, anatafuta pa kumimina. Nikamshukuru nikawasha gari.

Aliyenitoa ni fundi umeme mmoja wa Nyakato. Mashine ya kupimia anayo, lakini hakuanza nayo, alianza na betri. Mita ilisoma volti 12.5 gari likiwa limezimwa, akawasha ikapanda mpaka 14. Akaniambia, "Dada, kuna watu wananunua kolamu kumbe ugonjwa ni betri. Hii mota inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, betri ikichoka yeye ndiye wa kwanza kulalamika." Yangu ilikuwa nzima. Akaangalia fyuzi, akakwangua kutu kwenye waya wa bodi, akapiga jeki mbele akatikisa magurudumu kusikiliza tairodi na reki, vile vyuma vinavyogeuza magurudumu. Huko chini hakukuwa na tatizo. Mashine ilikuja mwisho, ikatoa namba ya hitilafu inayoanza na C, maana yake sensa ya kwenye kolamu. Na kwa gari langu sensa haiuzwi peke yake, unanunua kolamu nzima. Hela ya kupima nilimpa kwa roho safi, kwa sababu niliona kila alichofanya na kwa nini.

Sasa njoo kwenye spea. Maduka ya Mwanza yamejaa brekipedi, bushi, shokapu, filta, vitu vinavyotoka kila siku. Stelingi kolamu hakuna anayeiweka stoo, na sioni kosa hapo, nani afungie mtaji kwenye kitu ambacho mteja wake hajulikani atakuja lini? Duka nililokwenda mjini walisema wanaagiza Dar, mtumba wa Japani, wiki haiishi. Wakataka nusu ya hela. Nikatoa.

Baada ya hapo nikaanza kupigwa kalenda. Mzigo unafungwa kesho. Mzigo uko njiani. Basi limeharibika Singida. Mara kijana wetu wa Dar amefiwa. Dar mpaka Mwanza ni kama kilomita 1,150 na mabasi yanaingia stendi ya Nyegezi kila siku ya Mungu, kwa hiyo hadithi ya njia haikunikaa. Nilipong'ang'ania nitumiwe picha ya risiti ya basi, ndipo ukweli ukatoka: kolamu haikuwa imenunuliwa kabisa. Walikuwa wamechukua hela yangu kwanza, halafu ndiyo mawinga, yaani madalali wao, wanazunguka nayo Kariakoo na Gerezani kuulizia. Kuchelewa nakuvumilia. Kudanganywa kwamba kitu kiko kwenye buti la basi, hapana.

Ikaja hatimaye, na si yenyewe. Umbo lilelile, gari lilelile, ila toleo la mwaka mwingine: plagi ya kompyuta ilikuwa pana kuliko yangu na haikuingia hata kwa dawa. Wakataka nilipie nauli ya kuirudisha. Nilikataa pale pale kaunta mbele ya wateja, wakalegea. Safari hii fundi alinipigia picha ya plagi, picha ya stika iliyobandikwa kwenye kompyuta, na namba ya chesisi, nikawatumia zote. Ya pili ilifika chapuchapu na ilikuwa yenyewe. Kwa hiyo uwezo wanao, ila hawaulizi maswali hayo mapema. Jirani yangu ya kwake aliitoa Nairobi, Kirinyaga Road, ikapitia Sirari. Usukani wao ni kulia kama wetu. Lakini pale mpakani kuna ushuru, jipange.

Kufunga nilikaa nikaangalia. Fundi alitoa waya wa betri kwanza na kusubiri, kwa ajili ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa ajali. Akanyoosha magurudumu, akaufunga usukani kwa mkanda wa kiti usizunguke, kwa sababu ndani yake kuna utepe wa waya wa eabegi na honi unaokatika ukizungushwa ovyo. Kwenye maungio akapiga alama ya rangi nyeupe ili usukani urudi ulivyokuwa. Mwisho akaunganisha mashine akaiseti sensa upya kwenye sifuri. Hiyo hatua usikubali irukwe, la sivyo taa haizimi au usukani unakuvutia upande.

Fundi nampa nyota tano. Duka nyota mbili, na ya pili ni kwa sababu walikubali kuandika dhamana ya miezi mitatu kwenye risiti na kugonga mhuri, baada ya kutaka kunipa ile ya mdomo ya "ikisumbua leta". Usukani sasa hivi unazunguka kwa kidole. Kolamu ya zamani niliichukua. Fundi anaitaka kwa ajili ya mota yake, bado tunavutana bei.