Kuishi ndani ya yoti, Tanga hadi Maziwe: uzoefu wangu

Wengi wameniuliza kuhusu ile yoti ya kukodi, kwa hiyo nayaandika yote mara moja. Tulikwenda kifamilia: mimi, mume wangu, wifi yangu na watoto wawili, mwezi wa pili, kaskazi bado inavuma. Ni chombo cha matanga, cha faiba, cha futi 40, mlingoti mmoja, vyumba vitatu vya kulala. Unakikodi pamoja na nahodha na baharia wake, chakula unanunua na kupika mwenyewe. Bei kwa usiku, mkigawana watu watano, hailingani na hoteli kubwa ila si ya mchezo. Mimi naisifu, lakini si kwa yale wanayoyaonyesha kwenye picha.

Kwenye picha ni matanga matupu. Ukiishi humo unagundua kuwa muda mwingi chombo kimetia nanga, na shughuli yako ni jua, maji na umeme, kama mwenye nyumba yeyote, ila hapa tangi likikauka huna jirani wa kumgongea mlango.

Jua ndilo kubwa. Chombo kimeundwa Ulaya kwa bahari za baridi, vidirisha vya ubavuni havifunguki, na saa saba mchana huko chini hakukaliki. Kilichotuokoa ni turubai linalofungwa kutoka mlingotini hadi nyuma. Likishafungwa unapata baraza, na hapo ndipo tulipoishi: kula hapo, karata hapo, usingizi wa mchana hapo. Usiku ni habari nyingine. Chombo kilichotia nanga hujigeuza chenyewe omo, yaani mbele yake, ikaukabili upepo, kwa hiyo mfuniko wa dari wa chumba cha mbele ni dirisha bora kuliko la nyumba nyingi za Ngamiani, pale mjini Tanga. Nahodha ameshona mfuko wa kitambaa cha marekani anaouning'iniza juu ya tundu hilo ukaukamata upepo na kuuteremsha ndani. Chumba cha mbele tulijifunika shuka. Vyumba vya nyuma sahau. Tulivifanya stoo, watoto wakalala juu barazani. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, kuna mushkeli mmoja: maji yakitoka kwa nguvu kwenye ghuba ya Tanga, mkondo unaushinda upepo, chombo kinaupa upepo ubavu na mfuko unabaki kuning'inia tu.

Kuhusu maji nina lawama. Matangi ni ya lita 300, na tangazo linasema kuna mashine ya kugeuza maji ya bahari kuwa matamu. Ipo, na ni nzima. Lakini haiwashwi ghubani, kwa sababu mito ya Sigi na Mkulumuzi humwaga tope lao humo humo, na mashine yenyewe husukuma maji kwa nguvu kupita kwenye utando wenye vitundu vidogo mno. Tope na mafuta ya vyombo huuziba. Sababu ni ya haki kabisa, ila tuliambiwa tukishapanda, wakati madumu yetu tumeyaacha nyumbani. Basi vyombo vikaoshwa kwa maji ya chumvi na kusuuzwa kwa kikombe kimoja cha maji matamu, na kuoga kukawa kujitosa baharini kisha kopo moja la kujimwagia. Bomba la jikoni unalipiga kwa mguu, unakanyaga maji yanatoka, unaacha yanakoma. Hilo nimelipenda hadi nimetamani la kwangu. Chooni maji ni ya bahari, unayavuta kwa pampu ya mkono, na hakuna mpira wala ndoo ya kujitawazia. Njoo na kopo lako.

Umeme unatoka kwenye paneli mbili za sola. Friji ndiyo mlaji mkuu, vingine vyote vinaokota makombo. Nahodha anaangalia kipimo cha betri kila jioni: volti 12.7 zimejaa, 12.2 zimebaki nusu, na chini ya hapo hakubali kushuka kwa sababu betri za asidi hufa mapema zikikaushwa. Friji ikawa inazimwa usiku, simu za watoto zikachajiwa mchana tu. Kwa hiyo samaki ni wa siku ile ile. Asubuhi baharia anateremka na boti ya mpira kwenda Deep Sea, diko la samaki la Tanga, anarudi na changu au vibua, na kabla ya adhuhuri wameshaliwa. Mayai tuliyanunua ambayo hayajaoshwa wala kuingia friji, yakakaa kwenye kikapu bila shida.

Maboksi hayapandi. Tulipofika na katoni zetu kutoka soko la Mgandini, nahodha, kijana wa makamo ya mdogo wangu wa mwisho, alizipokea kwa adabu zote akazishusha tena. "Samahani dada, boksi linabaki gatini. Mende anataga kwenye mikunjo yake, akishaingia humu hatoki." Unga, mchele, sukari, vyote vikamiminwa kwenye ndoo zenye vifuniko. Ndani sikuona mende hata mmoja.

Jiko ni la gesi, plate mbili, limetundikwa kwa bawaba ili chombo kikiyumba lenyewe libaki wima. Kwa wali wa nazi na mchuzi ni zuri sana. Kwa bada, ugali wa muhogo, halifai: ukianza kusonga, jiko linasongeka pamoja nawe. Wifi aliteremsha sufuria sakafuni, akaibana kwa miguu, akasonga huku anamtukana fundi aliyeliunda. Mtungi wa kilo 6 unakaa nje, kwenye sanduku lenye tundu chini la kutolea gesi baharini, na kila baada ya pishi unafungwa huko huko. Wifi aliona ni usumbufu mpaka alipoelezwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa: ikivuja ndani haipandi ikatoka dirishani, inatuama ngamani, chini kabisa ya chombo, ikisubiri cheche. Tangu hapo akawa yeye ndiye askari wa mtungi.

Kibla ni rahisi kukijua, maana kutoka Tanga Makka iko karibu kaskazini kamili na dira ya chombo iko mbele yako. Kazi ni kubaki nacho. Unahirimia sala vizuri, chombo kinazunguka nangani, mnageuka nacho taratibu, na mume wangu akiwa imamu alihitaji mtoto mmoja wa kumwangalizia dira. Wazee wa majahazi walisali hivyo hivyo.

Safari yenyewe ilikuwa ya Maziwe, kile kisiwa cha mchanga kusini-mashariki ya mlango wa Pangani, hifadhi tangu 1975. Kushuka na kaskazi mgongoni ni raha tupu, matanga yametwekwa na chai haimwagiki. Zamani palikuwa na mivinje. Sasa ni fungu tupu ambalo maji yakijaa linafunikwa, na mayai ya kasa yanayotagwa pale huhamishiwa bara yasizame. Kiingilio cha hifadhi kiko juu yako. Tulitia nanga tukalala mbele ya Ushongo, kijiji cha pwani kusini ya Pangani, tukasukwasukwa usiku kucha; mwenye kichefuchefu abebe dawa. Kurudi upepo uko usoni. Nahodha alipiga bisho kwa muda, akikata upepo kwa kwenda mshazari huku na huku, Pangani ikiwa pale pale, halafu akawasha injini na dizeli ikaingia kwenye hesabu yetu. Ulizeni mapema nani anailipia.

Nahodha namsifu bila kusita. Anapotia nanga hutoa mnyororo mara tano ya kina, na kina anachohesabu ni cha maji yakijaa, kwa sababu bamvua la Tanga hupandisha maji zaidi ya mita 3. Usiku taa ya mlingotini haizimwi, maana siku za giza wavuvi wa dagaa wamejaa na taa zao na wengine wanapita karibu mno.

Kabla ya kulipa, angalia mwezi. Ukiitaka Maziwe nenda mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, wakati wa bamvua, maji yanakuwa yamekupwa kwenye saa nne, saa tano asubuhi na fungu liko wazi la kutosha kutembea. Ukitaka kukaa ghubani na kuogelea tu, chukua siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili: mkondo ni mdogo, omo inabaki upeponi, na kushuka ufukweni Ras Kazone kwa boti ya mpira hukanyagi tope refu. Turubai liulizie kwa jina, wakutumie na picha yake.