Vyembe vya kufunguka kwenye upinde wa ratili 42: sivirudii

Nyota moja, na hiyo moja nimeitoa kwa kuwa sifuri haikubaliki.

Nazungumzia vyembe vya mishale vya kuwindia, yaani vichwa vyenye makali, vile vya kufunguka: nyembe mbili zinalala kando ya chembe mshale ukiwa angani, zikigonga mnyama zinatanuka hadi inchi 2. Muuzaji alivitoa kabatini kabla sijamaliza kueleza ninachotaka, akasema ndivyo vinavyouzwa zaidi msimu huu. Hakuuliza upinde wangu una ratili ngapi, yaani unavutwa kwa nguvu kiasi gani. Hakuuliza navuta uzi nyuma inchi ngapi. Hakuuliza mshale wangu una uzito gani. Mtu asiyejua mambo hayo matatu hawezi kumchagulia mtu chembe, hata awe amekaa nyuma ya kaunta miaka ishirini.

Angeuliza ningemjibu: ratili 42, mvuto wa inchi 26, mshale wa greni 370 (kama gramu 24) ukiwa na chembe cha greni 100, kasi ya futi 206 kwa sekunde. Chukua kasi uizidishe kwa yenyewe, zidisha kwa uzito, gawanya kwa 450,240, namba ya kubadilisha vipimo. Unapata nishati ya karibu futi-ratili 35. Kwa kulungu wa mkia mweupe hiyo inatosha, ila haina ziada ya kuchezea. Na ile kasi kubwa iliyoandikwa kwenye kasha la upinde haikuhusu, maana hupimwa kwa ratili 70, mvuto wa inchi 30 na mshale wa greni 350.

Sasa chembe cha kufunguka kinaila nishati hiyo mara mbili. Kwanza kinatumia sehemu yake kuzitanua nyembe. Kisha kinataka kupasua ngozi, nyama na mbavu kwa upana wa inchi 2 nzima. Mwenye ratili 65 anaweza kulipa gharama hiyo na bado mshale ukatokea upande wa pili. Sisi wa ratili 35 mpaka 45, wanawake wengi, vijana, na watu wenye mabega mabovu, hatuwezi.

Kilichotokea ni hiki. Mshale uligonga pale pale panapotakiwa, nyuma ya bega, yadi 18, kulungu akiwa amesimama ubavu. Ukakuta mfupa mmoja wa ubavu. Kola ya plastiki inayozibana nyembe ikakatika upande mmoja tu, wembe mmoja ukatanuka, wa pili ukabaki nusu. Mshale ukavutwa pembeni na kusimama ndani. Chembe kilipotolewa, ule wembe uliotanuka ulikuwa umepinda palepale penye pini, na pini yenyewe imelegea. Tundu la kutokea halikuwepo. Ukipiga kutoka juu ya mti, mshale huingilia juu ya kifua, na kama haukutokea chini upande wa pili, damu inajaa ndani wala haidondoki. Unabaki na tochi, majani makavu na hakuna alama ya kufuata. Mnyama alipatikana, lakini baada ya muda mrefu kuliko anavyostahili mnyama yeyote, na hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Nikakirudisha chembe dukani. Yule bwana akakitazama, akanirudishia, akasema upinde wangu ni wa watoto: niongeze ratili, au nimwachie mume wangu kuwinda.

Sheria ya hapa Minnesota inaruhusu kuwinda kulungu kwa upinde wa ratili 30. Thelathini! Mimi niko juu ya hapo kwa ratili 12. Kinachodaiwa kwenye chembe ni makali yasiyopungua mawili ya chuma na upana usiopungua inchi 7/8. Hakuna anayekudai inchi 2. Mtu anayeuza vifaa vya kuwindia anapaswa kuyajua haya kuliko mimi.

Niseme kilichofanya kazi, maana hasira peke yake haimsaidii mwenye upinde kama wangu.

Vyembe visivyofunguka, makali mawili, yanayoanza kukata kwenye ncha yenyewe. Si vile vyenye ncha nene ya pembetatu ambayo lazima itoboe kwanza ndipo makali yafuate. Upana wa inchi 1 hadi 1 na 1/16, urefu uzidi upana kwa mbali. Dkt. Ed Ashby, aliyefanya majaribio mengi ya mishale kusini mwa Afrika, alisisitiza urefu wa mara tatu ya upana, na ukikishika mkononi unaelewa kwa nini: mteremko ukiwa mrefu, chembe kinapenya kwa kani ndogo. Kama kimekuja na vile viwembe vidogo vya kupachika kwa kukingama, viache kwenye pakiti.

Uzito nao. Nimetoka chembe cha greni 100 hadi cha 150, mshale mzima ukawa 420, kasi ikashuka hadi futi 195. Nishati imebaki karibu ileile, 35.5, lakini momenta, yaani ule msukumo unaoufanya mshale usisimame upesi, imepanda kama asilimia 7. Angalia ugumu wa uti wa mshale kabla ya kuongeza, kwa sababu uzito wa mbele huufanya uti unyumbuke zaidi. Mshale wangu wa inchi 27, namba 500 (namba ikipanda, uti unanyumbuka zaidi), umeubeba vizuri. Wa 600 huenda usiubebe.

Hivi visivyofunguka vilistahili nyota tano. Nilikuwa nimeshaziweka, nikazipunguza hadi tatu, kwa sababu vimefika butu. Butu kweli, havikati hata karatasi! Kwa ratili 42 chembe butu ni hatari kuliko chembe kipana. Ilibidi nitumie tupa laini kwanza kusawazisha pembe, kinoo cha 400, kisha cha 1000, kisha ngozi ya mkanda hadi ule ukingo mwembamba wa chuma unaojikunja uishe. Tandaza kidogo mpira wa kufungia pesa, usiuvute sana, pitisha makali juu yake: usipokatika mara moja, rudi kwenye kinoo. Vya kunolewa upande mmoja vinalala vizuri zaidi juu ya jiwe, lakini lazima vizungushe mshale upande uleule ambao manyoya yanauzungusha. Vya kulia kwa manyoya ya kulia. Ukichanganya, vinapingana ndani ya nyama.

Halafu zungusha kila mshale ukiwa umesimama kwenye ncha yake. Ukiona shingo ya chembe inayumba, pasha moto kile kipande cha chuma kilichogundishwa ndani ya uti, kizungushe kidogo, jaribu tena. Piga yadi 20 ukilinganisha na ncha za mazoezi za uzito uleule. Chembe kikienda kushoto kwa ncha ya mazoezi, sogeza kiegemeo cha mshale, kile kinachoubeba kwenye upinde, kulia, kwa unene wa kucha, si zaidi. Kikienda chini, inua kiegemeo.

Nimetulia kidogo, kwa hiyo nirudi kwa vile vya kufunguka. Vinaruka sawasawa na ncha za mazoezi bila kuhangaika na kiegemeo, na kwa upinde wa ratili 60 tundu la inchi 2 linaacha njia ya damu ambayo hata mtoto angeifuata. Nimevipandisha hadi nyota mbili. Lakini kola ya kukatika upande mmoja ni kasoro hata kwa mwenye ratili 70, na pakiti haisemi popote kwamba kuna kiwango cha chini cha ratili. Nimevirudisha kwenye moja.

Duka halijapata nyota yoyote kwangu. Wakinirejeshea pesa nitalifikiria, ila maneno ya yule muuzaji yanabaki hapa kama alivyoyasema.