Viatu vya usalama katika ajira mpya ya msimu wa sikukuu: tathmini ya mvaaji

Mtu anayeajiriwa katika ghala la usambazaji wa bidhaa majuma machache kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka huingia kazini katika wakati mgumu kuliko wote wa kujifunza kazi. Oda zimeongezeka, zamu zimerefushwa, wazoefu hawana nafasi ya kumwelekeza mgeni kwa utulivu, na njia zilizo kati ya rafu zimejaa paleti ambazo katika miezi mingine zisingeachwa hapo. Katika hali hiyo, kifaa kimoja anachokabidhiwa au kuagizwa akinunue huamua kwa kiasi kikubwa kama ataumaliza msimu akiwa mzima, nacho ni viatu vya usalama. Tathmini hii inahusu viatu nilivyovaa katika msimu wangu wa kwanza ghalani: viatu vifupi vya ngozi vya daraja la S3, yaani vinavyozuia maji na vitu vyenye ncha, na vyenye kinga ya vidole isiyo ya chuma. Silitaji jina la kampuni iliyovitengeneza kwa sababu, kwa viatu vya aina hii, alama zilizogongwa ndani ya kiatu humweleza mvaaji mambo mengi kuliko jina lililoandikwa nje.

Alama ya kwanza ya kutafuta ni EN ISO 20345, namba ya kiwango cha kimataifa cha viatu vya usalama kinachotumika pia Ulaya. Kiatu kinachokidhi kiwango hicho kimejengewa kinga ya vidole iliyojaribiwa kwa pigo la jouli 200, ambalo ni sawa na mzigo wa kilo 20 unaoanguka kutoka kimo cha takriban mita moja, na kwa mgandamizo wa kilonyutoni 15, yaani uzito wa karibu tani moja na nusu. Kuna viwango viwili jirani ambavyo mnunuzi mwenye haraka anaweza kuvichanganya na hicho. EN ISO 20346 hudai pigo la jouli 100 tu, na EN ISO 20347 ni cha viatu vya kazi visivyo na kinga ya vidole hata kidogo. Vikiwa dukani, viatu vya viwango vyote vitatu vinaweza kufanana kabisa kwa umbo, kwa rangi na hata kwa unene wa soli. Kinachovitenganisha ni namba hizo pamoja na herufi ya daraja, kwa maana S ni ya kiwango cha kwanza na O ni ya viatu visivyo na kinga ya vidole. Kwa hiyo mgeni aliyeambiwa na msimamizi wake avae viatu vya usalama, kisha akanunua vyenye alama ya O2, atakuwa amelipia kiatu kizuri ambacho hakitamsaidia sanduku litakapomwangukia mguuni.

Daraja la S1 hutosha kwa mtu anayekaa mahali pakavu zamu nzima, kwa mfano kwenye meza za kufungashia, na viatu vyake huwa vyepesi na hupitisha hewa vizuri zaidi. S2 huongeza uwezo wa sehemu ya juu ya kiatu kuzuia maji yasipenye. S3 ina sifa za S2, na juu yake ina soli yenye meno pamoja na tabaka la kuzuia vitu vyenye ncha, linalojaribiwa kwa msumari unaosukumwa kwa nguvu ya nyutoni 1,100. Tangu toleo la mwaka 2022 la kiwango hicho cha EN ISO 20345, herufi ya mwisho hueleza tabaka hilo ni la namna gani: S3 peke yake huashiria bamba la chuma, ilhali S3L na S3S huashiria tabaka lisilo la chuma. Nimesikia wenye uzoefu wakimwambia mgeni kwamba S3 ni kupita kiasi kwa kazi ya ndani ya ghala, na katika miezi ya kawaida huenda wana hoja. Katika msimu wa sikukuu sikubaliani nao. Mgeni hana kituo chake. Asubuhi anakusanya oda kwenye rafu, mchana anavutwa kwenda kufungasha, na jioni anapelekwa kwenye milango ya kupakilia kwa sababu malori yamepangana na watu hawatoshi, na huko sakafu ina maji yaliyoletwa na magurudumu na kuna vipande vya paleti za mbao zilizovunjika vyenye misumari iliyochomoza. Anayehamishwahamishwa namna hiyo anahitaji kiatu kinachofaa katika kituo kibaya kuliko vyote atakavyopitia, na viatu vyangu vilistahimili vituo vyote hivyo.

Kuhusu utelezi, toleo hilo la 2022 limefanya jaribio la kigae chenye maji ya sabuni kuwa sharti kwa kila kiatu, na alama ya SR hupewa kiatu kilichofaulu pia kwenye kigae chenye gliserini. Viatu vya matoleo ya awali huwa na SRA, SRB au SRC, ambazo ni alama za zamani za majaribio ya utelezi. Hata hivyo, kwa niliyoyaona ghalani, kinachotelezesha zaidi wakati wa msimu ni vipande vya plastiki ya kuzungushia paleti na karatasi laini zinazobaki baada ya lebo kubanduliwa. Hivyo havipo kabisa katika majaribio ya kigae, na soli yangu, pamoja na uzuri wake kwenye sakafu yenye maji, haikushika vizuri pale kipande cha plastiki kilipotandazika chini yake. Dawa yake ni kuzoa takataka hizo mara kwa mara, jambo ambalo husahaulika kwanza pindi oda zinapozidi.

Kinga ya vidole isiyo ya chuma, ambayo hutengenezwa kwa plastiki ngumu au kwa nyuzi za kioo zilizoshikanishwa na gundi maalumu, lazima ifaulu jaribio lilelile la jouli 200, kwa hiyo hofu kwamba ni dhaifu kuliko chuma haina msingi. Faida yake ni wepesi, na tena haipitishi baridi kutoka kwenye vyumba vya ubaridi kama chuma kinavyofanya. Faida nyingine sikuitarajia: katika maghala yenye ukaguzi mlangoni, mashine ya kutambua vyuma hailii kwa sababu yake, mradi tabaka la soli nalo si la chuma. Mwisho wa zamu ya usiku, foleni ya wafanyakazi wa msimu inapokuwa ndefu na kila mmoja anatamani kuondoka, kupita bila kuambiwa uvue viatu ni ahueni kubwa. Upungufu wake ni kwamba ili kufikia nguvu ya chuma, kinga hiyo hufanywa nene zaidi, na unene huo hula nafasi ya vidole endapo mtengenezaji hakuipanua pua ya kiatu.

Hapo ndipo penye jambo kubwa kuliko yote, na ninasikitika kwamba ndilo linalopewa dakika chache kuliko yote siku ya kuajiriwa. Kinga ya vidole hailegei. Kiatu cha kawaida kinachobana kidogo huja kutanuka na kuufuata mguu, lakini kinga hiyo itabaki vilevile mpaka siku kiatu kitakapotupwa, kwa hiyo kidole kinachoigusa siku ya kwanza kitaigusa msimu wote. Mguu, kwa upande wake, huvimba kadiri mtu anavyosimama na kutembea, na kwenye zamu iliyorefushwa huvimba zaidi. Kipimo kilichochukuliwa asubuhi, mtu akiwa ameketi na amevaa soksi nyembamba, kwa hiyo hakifai. Viatu hivi vipimwe jioni, kwa soksi zilezile zitakazovaliwa kazini, mtu akiwa amesimama, na abakize nafasi ya takriban sentimita moja mbele ya kidole kirefu. Kisha ashuke ngazi navyo, kwa sababu mguu ukiteleza kwenda mbele na vidole vikagonga kinga wakati wa kushuka, kiatu hicho hakimfai hata kama namba ni yake. Atazame pia upana. Viatu nilivyovaa vilikuwa na pua pana, na naamini ndiyo sifa iliyonifikisha mwisho wa msimu bila kucha kuwa nyeusi. Vilevile, kwa wanawake wanaopewa viatu vya kiume vya namba ndogo kwa madai kwamba stoo haina vingine, ningependa isemwe wazi kwamba huko si kupewa kifaa cha kinga, kwa sababu kisigino hucheza na kifundo cha mguu hubaki bila mshiko, hasa mtu anapovuta toroli la paleti lililojaa.

Ugumu wa ngozi mpya ndio kasoro iliyonisumbua zaidi. Ukingo wa nyuma ulikuwa mkavu na ulisugua sehemu ya juu ya kisigino, na lengelenge likishatoka wakati wa msimu halipati nafasi ya kupona, kwa kuwa zamu hufuatana na siku za mapumziko huliwa na oda za dharura. Kwa hiyo mtu akijua tarehe ya kuanza kazi avipate viatu mapema, avivae nyumbani kwa muda mfupi kila siku, na avikunje kwa kutembea, badala ya kuingia navyo vikiwa vipya kwenye zamu ndefu. Katika wiki ya kwanza akili ya mgeni imeshikwa na mambo mengine: mpangilio wa rafu, skana isiyosoma, majina ya watu, msimamizi anayetaja idadi ya oda zilizobaki. Maumivu ya mguu humfanya akose umakini katika hayo yote, akaonekana mzembe mbele ya watu ambao ndio kwanza wanamfahamu. Kufunga kamba nako kuna utaratibu wake: kiatu kikazwe sehemu ya kifundo ili kisigino kisicheze, na kiachwe na nafasi juu ya wayo, kisha kifunguliwe na kufungwa upya wakati wa mapumziko, mguu unapokuwa umeshavimba.

Jasho ni la kutajwa kwa ufupi. Ngozi inayozuia maji kuingia huzuia pia unyevu kutoka, na kiatu hakikauki vizuri kati ya zamu moja na nyingine. Anayeweza kuwa na pea mbili azibadilishe siku kwa siku. Asiyeweza atoe soli ya ndani kila anaporudi, aianike mbali na moto, na abebe soksi za akiba. Mimi nilipendezwa kwamba soli ya ndani ya viatu hivi hutoka kwa urahisi na kurudi mahali pake bila kujikunja.

Kuhusu anayepaswa kulipa, Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Sheria za nchi hutofautiana katika kuutekeleza msingi huo, na mkataba wa ajira ya msimu mara nyingi hauutaji kabisa, kwa hiyo swali hili liulizwe kabla ya kutia saini. Mwajiri anayetoa viatu naye aangaliwe anatoa vipi. Maghala mengi huwa na akiba iliyobaki msimu uliopita, na viatu ambavyo havijavaliwa huonekana vipya hata vikikaa miaka. Lakini soli ya kati ya poliurethani, aina ya plastiki yenye mto, huharibiwa na unyevu wa hewa polepole hata ikiwa ndani ya sanduku, hasa mahali penye joto, na siku mtu anapoivaa inaweza kumomonyoka ndani ya zamu moja. Tarehe ya kutengenezwa imo katika alama za ndani ya kiatu. Isomwe, kisha soli ibonywe kwa kidole gumba na kukunjwa. Ikionyesha nyufa au ikiacha vumbi mkononi, kiatu kirudishwe, na mgeni asione haya kufanya hivyo kwa kuwa ni mgeni. Viatu vilivyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine navyo ningevikataa, kwa sababu soli ya ndani imeshaufuata wayo usio wake, na tena hajui vimepata mapigo gani. Kinga iliyowahi kupigwa kwa nguvu inaweza kuwa imepasuka ndani bila ngozi kuonyesha lolote, na baada ya pigo la namna hiyo kiatu hubadilishwa, hakiendelei kuvaliwa mpaka msimu uishe.

Viatu hivi havikuondoa uchovu wa kusimama juu ya zege. Soli yenye mto kisiginoni hupunguza mshindo wa kila hatua, lakini nyama za miguu na mgongo huchoka kwa sababu nyingine, na dawa zake ni mapumziko yanayoheshimiwa, mikeka laini kwenye meza za kufungashia na kupishana kwa kazi za kusimama na za kutembea. Nayasema haya kwa sababu niliwaona wenzangu wapya wakivilaumu viatu kwa maumivu yaliyotokana na ratiba. Kwa anayefungasha mahali pakavu msimu wote bila kuhamishwa, ningemshauri achukue S1 iliyo nyepesi zaidi. Kwa anayeingia vyumba vya kugandishia, S3 ya kawaida haitoshi, na atafute yenye alama ya CI, inayoonyesha kwamba soli imejaribiwa kuzuia baridi. Kwa wengine wote wanaoanza kazi ya ghala msimu huu, hasa ambao hawajaambiwa watawekwa kituo gani, viatu vya aina hii navipendekeza bila kusita, kwa sharti kwamba vipimwe jioni na vizoeshwe kabla ya zamu ya kwanza.