Jezi Mpya ya Simba au Yanga: Ipi Ununue Kwanza, na Ukague Nini Kabla ya Kulipa

Kwa kawaida Julai na Agosti, Simba Day na Wiki ya Mwananchi, matamasha ya Simba na Yanga ya kufungua msimu, yakikaribia, ubishi huwa mmoja. Uzi mpya unazinduliwa usiku, asubuhi kila kijiwe kinaukagua: kola imekuwa pana, michoro imezidi, jina la mdhamini limeziba kifua, nyekundu hii si ile ya Msimbazi kwa Simba, kijani hiki si kile cha Jangwani kwa Yanga. Hoja hizo zina uzito, maana jezi utaivaa mwaka mzima. Lakini kuna swali ambalo wengi hawaulizi mpaka wameshalipa: jina la mdhamini limewekwaje kwenye kitambaa? Jezi nyingi zinazotupwa zimeharibikia hapo, mshono na rangi vikiwa bado vizima.

Tumezipanga jezi kwa thamani ya pesa yako, kuanzia ya kununua kwanza hadi ya kuacha.

Ya kwanza: jezi ya nyumbani, toleo la mashabiki, kwa wakala wa klabu

Kama bajeti ni ya jezi moja kwa msimu, chukua ya nyumbani: nyekundu kwa Simba, kijani kwa Yanga. Hiyo ndiyo hutengenezwa kwa wingi, kwa hiyo saizi hupatikana, na ukikosea kubadilishiwa si kazi. Pia haichoshi macho. Jezi ya tatu yenye rangi ya majaribio hupendwa sana mwezi wa kwanza, msimu ukiisha inabaki kabatini.

Nunua siku chache kabla ya tamasha la klabu. Usisubiri siku yenyewe nje ya Uwanja wa Benjamin Mkapa. Pale hakuna pa kujaribia, saizi L na XL zimeshapungua, na katikati ya msongamano jezi halisi na ya mwigo zinaning'inia kamba moja. Kwa Yanga msambazaji ni kampuni ya GSM. Kwa Simba, msimu wa 2025/26 jezi zimekuja na nembo ya Diadora kupitia kampuni ya Jayrutty. Kabla ya hapo walikuwa Sandaland, na kabla yao Vunjabei. Mabadiliko hayo yana maana kwa mnunuzi: mtengenezaji akibadilika, vipimo navyo hubadilika. L iliyokukaa vizuri misimu miwili iliyopita haikuhakikishii L ya mwaka huu.

Kwa hiyo pima. Chukua fulana inayokukaa vizuri, ilaze mezani bila kuivuta, pima kwa tepu ya fundi kutoka kwapa hadi kwapa, kisha kutoka bega karibu na kola hadi pindo la chini. Andika namba mbili hizo kwenye simu. Dukani, laza jezi mpya upime vilevile. Kwapa hadi kwapa ikizidi au ikipungua sentimita 1, hutaona tofauti. Ikipungua sentimita 3, itakubana tumboni ukikaa, na poliesta haitanuki kwa kuvaliwa kama pamba. Mwenye kitambi apime pia tumbo: mzunguko wa jezi uzidi wa mwili kwa sentimita 8 hadi 10.

Wanaoagiza kutoka mikoani, au ndugu walioko Muscat na Dubai wanaoletewa na msafiri, watume namba hizo mbili badala ya kutaja M au L. Hapo ubishi wa saizi unaisha kabla mzigo haujapakiwa.

Jina la mdhamini: kagua hapa kuliko kwingine

Kuna njia tatu zinazotumika sana kuliweka jina kwenye kitambaa.

Ya kwanza ni wino uliozama ndani ya nyuzi za kitambaa, ambao mafundi huuita sublimesheni. Ukipitisha kidole juu ya herufi huhisi kitu, ni kitambaa kitupu. Geuza jezi ndani nje: ikiwa upande wa ndani ni mweupe au umefifia sana, jezi nzima ilichapwa hivyo juu ya kitambaa cheupe. Herufi za namna hii hazibanduki wala hazipasuki. Udhaifu wake ni kwamba kitambaa kikivutika, weupe wa ndani huchungulia, hasa kwenye mshono wa bega na kwapani.

Ya pili ni utando wa plastiki unaobandikwa kwa mashine ya joto. Huu ndio umejaa sokoni, na ndio wenye matatizo. Ukibandikwa kwa muda mfupi mno, gundi haishiki na kona za herufi zinaanza kuinuka baada ya kufuliwa mara chache. Ukibandikwa kwa joto kubwa mno, kitambaa kinaungua kidogo na kuacha alama ya mraba inayong'aa kuzunguka jina. Alama hiyo haitoki kamwe. Inamishe jezi kuelekea mwanga wa mlangoni, utaiona.

Hapo mashabiki wa Simba wana tahadhari ya ziada. Rangi ya poliesta nyekundu hupanda juu inapokutana na joto kali na kuingia kwenye utando mweupe uliobandikwa. Herufi zilizotoka kiwandani nyeupe zinageuka waridi baada ya siku au wiki kadhaa, hata kama hujaifua. Watengenezaji makini huweka utando wenye tabaka la kuzuia rangi, au hubandika kwa joto dogo. Dukani linganisha weupe wa herufi na kitu cheupe kabisa, kama karatasi ya risiti. Ukiona uwaridi tayari, rudisha jezi kwenye kamba, utaongezeka tu. Kijani ya Yanga yenye maandishi meupe inaweza kupata shida hiyohiyo. Njano yenye maandishi meusi haina wasiwasi huo.

Ya tatu ni wino mzito au silikoni iliyochapwa juu. Hudumu, ila eneo lote la kifua halipitishi hewa. Jina kubwa la mdhamini likichapwa hivi, ukikaa jukwaa la jua saa 10 jioni jasho linakusanyika nyuma ya herufi. Malalamiko ya ukubwa wa nembo kifuani yana msingi huu pia, mbali na urembo.

Jaribio la sekunde 10 kabla ya kulipa: shika kitambaa pande mbili za jina, vuta taratibu kama sentimita 2, achia. Herufi zikibaki na mistari myembamba kama ufa, hazitamaliza msimu. Kisha pitisha ukucha kwenye kona ya herufi ya mwisho. Isiinuke.

Ya pili: jezi ya mashindano ya Afrika (CAF)

Hii tunaipa nafasi ya juu kuliko wauzaji wengi wanavyoipa, hasa kwa mtoto na kwa anayetaka kuvaa ofisini au kanisani.

Tangu 2017, SportPesa ilipoingia Simba na Yanga kwa pamoja, vifua vya timu hizi vimekuwa vya kampuni za kubashiri. Simba walihamia M-Bet mwaka 2022, na msimu wa 2025/26 wakaingia na Betway. Yanga wameendelea na SportPesa. Fedha hizo zimelipa mishahara na usajili, hilo hatulikatai. Lakini mzazi ana haki ya kusita kumvalisha mtoto wa miaka 7 tangazo la mchezo ambao sheria hairuhusu mtu kuucheza kabla ya miaka 18.

Katika mashindano ya Afrika kanuni za wadhamini ni nyingine, na mara kadhaa klabu zimebadilisha kifua. Simba walivaa Visit Tanzania kwenye Ligi ya Mabingwa mwaka 2021. Yanga walivaa Haier, kampuni ya vifaa vya umeme vya nyumbani, msimu wa 2022/23, ule waliofika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger. Klabu ikitoa jezi ya namna hiyo, nunua mapema, kwa sababu hutengenezwa chache na mara nyingi hazirudi dukani. Kwa jezi za watoto uliza waziwazi kama kuna toleo lisilo na jina la kampuni ya kubashiri. Wakiulizwa na wengi, watalitengeneza.

Ya tatu: jezi halisi ya msimu uliopita

Mwenye bajeti ndogo aanzie hapa kabla hajafikiria mwigo. Uzi mpya ukitoka, mawakala hupunguza bei ya wa zamani, na mdhamini akibadilika hupunguza zaidi, maana shabiki wa kawaida anataka jina jipya kifuani. Kama mtengenezaji hajabadilika, kitambaa ni kilekile, darizi ileile. Kasoro yake ni saizi: zinazobaki mara nyingi ni S na XXL. Kagua pia mikunjo. Jezi iliyokaa stoo imekunjwa kwa muda mrefu huweza kupasuka utando wa jina pale penye mkunjo.

Ya nne: ugenini na ya tatu

Nyeupe ya Simba ni nzuri machoni ila inahitaji uangalizi: jasho na mafuta ya mwili yenye manukato huacha umanjano kwenye kola. Njano ya Yanga huficha vumbi vizuri kuliko watu wanavyodhani. Nunua hizi kama jezi ya pili, si ya kwanza.

Ya tano: toleo la wachezaji

Ni jepesi, lina vitundu vingi, limekatwa kubana mwili. Nembo ya klabu mara nyingi hubandikwa badala ya kudariziwa, ili kupunguza uzito. Limetengenezwa kwa dakika 90 za mtu anayekimbia, si kwa miaka mitatu ya kufuliwa kwenye beseni. Kitambaa chake hunaswa na bangili, zipu ya begi, hata kucha, na uzi mmoja ukivutika unaacha mstari. Ukilitaka, ongeza saizi moja.

Mwigo wa mtaani: wa mwisho

Huonekana Kariakoo siku chache tu baada ya uzinduzi, kwa bei inayoshawishi. Dalili zake: nembo ya klabu yenye nyuzi zinazoning'inia kwa ndani, mishono ya ubavuni isiyonyooka, lebo ya shingoni iliyochapwa ikafifia, na harufu kali ya gundi. Dalili nzuri kuliko zote ni rangi za nembo ndogo. Mashabiki wa Yanga wanakumbuka klabu ilivyogoma kuvaa nembo nyekundu ya Vodacom enzi kampuni hiyo ikidhamini ligi. Mwiga jezi hajali mambo hayo, anabandika alichonacho. Fungua picha ya mchezaji akiwa uwanjani, linganisha nembo ya begani na ya kifuani, rangi kwa rangi na mahali kwa mahali.

Kama klabu imetangaza lebo maalumu au alama ya kuchanganua kwa simu, ichanganue ukiwa bado dukani. Ukilipa kwa Lipa Namba, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Chukua risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na usikate lebo mpaka umeijaribu nyumbani. Ukiuziwa mwigo kwa bei ya halisi, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia. Bila risiti utakuwa na maneno tu.

Shilingi ya mwigo haifiki klabuni hata senti. Anayelalamika kila dirisha la usajili kuwa timu haina fedha alipime hilo.

Kuandika jina na namba

Subiri dirisha la usajili lifungwe. Mchezaji akiondoka Januari, jina lake linabaki mgongoni mwako, na kulibandua huacha kivuli cha gundi.

Fundi akibandika, mwulize anatumia joto gani. Kwa poliesta, unahitajika utando unaobandikwa kwa joto dogo. Akitumia joto alilozoea kwa fulana za pamba, ataunguza kitambaa na kuamsha ile rangi inayohama. Aanze na kipande kidogo cha utando upande wa ndani wa pindo. Usiifue kabla ya saa 24 kupita.

Kufua

Fua peke yake mara ya kwanza, ndani nje, maji baridi, sabuni ya unga kidogo. Usiiloweke zaidi ya dakika 15. Jiki marufuku, hata kwa jezi nyeupe: hudhoofisha nyuzi za darizi na huvuruga rangi ya nembo. Usikamue kwa kusokota mahali penye jina, bonyeza tu maji yatoke. Anika kivulini ikiwa bado ndani nje, mbali na waya wenye kutu, kwa kuwa doa la kutu kwenye poliesta halitoki kwa sabuni. Pasi haihitajiki. Ukilazimika, iwe ya moto mdogo, upande wa ndani, na kitambaa cha pamba katikati, wala isipite juu ya jina la mdhamini.