Breki za gari la zamani zinalia: nimeijaribu grisi ya seramiki

Sikilizeni kwanza... Mmeusikia mlio huo? Hiyo ni Mercedes-Benz W123 yangu ya mwaka 1982, kila ninapokaribia kusimama. Breki zinashika vizuri, lakini zinalia. Pedi, yaani vile vipande vinavyobana diski inayozunguka na gurudumu, nimeshabadilisha mara mbili na kelele iko palepale. Ndiyo maana nimenunua tyubu hii ya grisi ya seramiki.

Jamani, mlio huanzia pale pedi inaposugua diski, ila kinachoukuza ni mtetemo. Bamba la chuma la nyuma ya pedi linatetemeka kwenye pistoni inayoisukuma pedi, kama ngozi ya ngoma. Kalipa za mbele za gari hili, yaani vishikio vinavyobeba pedi na pistoni, hazitembei, zina pistoni kila upande, na pedi hushikwa na pini mbili na springi ya msalaba. Baada ya miaka 40 springi imelegea, na pale pedi inapotelezea pamejaa kutu. Pedi haitulii.

Kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kusafisha, wala si kupaka. Na tafadhali sana, vumbi la breki msilipulize kwa hewa. Pedi nyingi za zamani zilikuwa na asbestosi, ambayo huleta saratani. Lilowesheni kwa dawa ya kusafishia breki, kisha mfute. Nilisugua kutu kwa brashi ya waya, nikafunga pini na springi mpya, ndipo nikapaka grisi: nyembamba kabisa, mgongoni mwa pedi na kwenye kingo za bamba tu. Ikigusa uso wa pedi au diski, breki hazitashika.

Uzuri wake ni kwamba inastahimili joto kali na haiharibu raba za pistoni. Grisi ya kawaida ya beringi huzivimbisha, pistoni ikakwama. Msithubutu.

Haya, sikilizeni sasa... Kimya! Wiki ya tatu hii. Asubuhi diski zikiwa na umande hulia mara moja, basi.

Lakini pimeni diski kwanza. Unene wa chini unaoruhusiwa mara nyingi huchongwa kwenye diski yenyewe. Ikishapungua hapo, badilisheni, grisi haina msaada. Mimi nitainunua tena. Jumamosi nafungua magurudumu ya nyuma, nayo yameanza kulia.