Ziara ya miguu ya kufuata maisha ya Jaan Tomp, Tallinn: masaa matatu na nusu, nimeridhika sana

Nakaa Helsinki, Finland, mwaka wa nane huu, nafanya kazi ya usafi, na kazini wenzangu wamenichagua niwe mwakilishi wao wa chama cha wafanyakazi. Meli ya kwenda Tallinn, mji mkuu wa Estonia, ni masaa mawili tu, huku watu wanapanda asubuhi wanaenda kununua vitu bei rahisi jioni washarudi, na mimi nilikua naenda hivyo hivyo mara nne tano bila kujua lolote kuhusu ule mji zaidi ya maduka ya karibu na bandari. Mpaka mwenzangu mmoja Mwestonia tukiwa kwenye chai akaniambia wewe si mtu wa chama, kuna mama mmoja kule kwetu anatembeza watu kwa miguu kwenye habari za viongozi wa wafanyakazi wa zamani, nenda kamsikilize. Nikaenda Novemba iliyopita. Naandika hapa kwa sababu nilipotafuta maelezo kwa Kiswahili kabla ya kwenda sikupata hata mstari mmoja.

Huduma yenyewe ni hivi. Unalipia kabla, mimi nilitoa euro 25, mnakutana saa nne asubuhi pale uwanjani karibu na jumba la tamthilia la Estonia, mnamaliza kwenye saa saba na nusu mchana kule baharini kwenye gereza la zamani la Patarei. Lugha ni Kiingereza, anaongea taratibu na unamuelewa. Huyo mama ana miaka kama 70, hatembei na kibendera wala spika, ana bahasha ya picha za zamani tu anazipitisha mkono kwa mkono.

Ziara yote inamfuata mtu mmoja, Jaan Tomp. Alizaliwa 1894, alikua mkomunisti, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi hapo Tallinn na mbunge. Lakini mama haanzi na Tomp, anaanza na pale mliposimama. Tarehe 16 Oktoba 1905 palikua soko, Soko Jipya, wafanyakazi walikusanyika hapo wakati Estonia iko bado chini ya mfalme wa Urusi, wanajeshi wakapiga risasi kwenye umati na watu zaidi ya 90 wakafa. Mnara wao upo mpaka leo, uliwekwa 1959. Nilikua nimepita hapo mara ngapi na mifuko yangu sijawahi hata kugeuza shingo, kiukweli niliumia kidogo. Anasema anaanzia hapa kwa sababu Tomp na wenzake walikua watoto wakati ule, huwezi kuelewa kwa nini kijana wa kiwandani alichagua siasa kali kama hujui kilichotokea alipokua na miaka 11.

Halafu mnapanda Toompea, kilimani kwenye bunge. Hapa ndio ziara inakolea. Estonia ilijitangazia uhuru 1918, ikapigana vita na Urusi ya Kisovieti mpaka mkataba wa amani wa Tartu 1920, na wakati vita inaendelea, mwezi wa nane 1919, vyama vya wafanyakazi vilifanya mkutano mkuu wao wa kwanza Tallinn. Serikali ikauvunja, wajumbe wengi wakafukuzwa kupelekwa upande wa Urusi, na zaidi ya 20 wakapigwa risasi huko Irboska, upande wa mpakani. Sikuwahi kusikia hii habari popote, na mimi mikutano ya chama ninayoenda ni ya kahawa na maandazi ya mdalasini, kubwa kabisa tunalogombania ni ratiba ya zamu, nilisimama pale nikawa nawaza wale wajumbe waliondoka kwao asubuhi wakijua wanaenda mkutanoni tu.

Uchaguzi wa 1923 chama cha kikomunisti kilikua kimepigwa marufuku, kwa hiyo walisimama kwa jina la umoja wa wafanyakazi wakapata viti 10 kati ya 100. Tomp akaingia bungeni hapo. Januari 1924 polisi wakakamata watu kwa mamia na yeye akiwemo. Kesi ikaanza tarehe 10 Novemba 1924, wanaiita kesi ya watu 149 kwa sababu washtakiwa walikua 149 kwa mpigo. Siku chache baadaye Tomp akajibizana na hakimu maneno makali, akatolewa pale pale, akapelekwa mahakama ya kijeshi na jioni ya tarehe 14 akapigwa risasi. Miaka 30. Mama alipofika hapo alinyamaza kidogo, akatuonyesha picha ya Tomp, jamaa amevaa koti na tai sura ya mtu wa kawaida kabisa, ikazunguka mikononi mwetu hakuna aliyesema kitu.

Sasa niseme kwa nini naipenda hii ziara kuliko zote nilizowahi kulipia. Huyu mama hampi Tomp utakatifu. Anasema wazi kwamba wale wakomunisti walikua wanapata maelekezo na hela kutoka Urusi, na walichotaka sio mishahara bora peke yake, walitaka ile nchi changa iliyokua na watu milioni moja na kidogo iwe sehemu ya Usovieti. Na anayesema hivyo mama yake mzazi alikua mmoja wa watu zaidi ya 20,000 waliopakiwa kwenye mabehewa na Wasovieti Machi 1949 wakapelekwa Siberia. Kwa hiyo ana kila sababu ya kumchukia Tomp. Lakini papo hapo anasema kumuua mbunge kwa maneno aliyoyasema mahakamani ni kumuua mtu kwa sababu ya maneno tu, na hilo halipunguzi wala haliongezi yale ya 1949. Aliyasema yote mawili kwa sauti ile ile. Mzee mmoja wa Kilatvia kwenye kundi letu alibishana naye, akasema huwezi kumuonea huruma mtu wa namna ile, mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa heshima, hakuna aliyemfokea mwenzie. Mabishano yale peke yake yalikua na thamani ya hela yangu.

Mkiwa bado kilimani anagusia pia Eiki Nestor, huyu wa siku hizi, naye alitoka kwenye vyama vya wafanyakazi, mtu wa chama cha Social Democrats, akawa waziri wa mambo ya jamii 1999 mpaka 2002 na baadaye spika wa bunge 2014 mpaka 2019. Hapo alipita haraka mno. Mimi ningetaka nusu saa juu ya hilo, maana Estonia ya leo wafanyakazi walio kwenye vyama hawafiki hata asilimia 10, na sisi ng'ambo ya maji Finland ni karibu kila mtu wa pili, nilitaka kujua imekuaje. Nilimuuliza njiani akaniambia miaka ya Usovieti kila mtu alikua mwanachama kwa lazima, chama kilikua cha kugawa tiketi za likizo tu, watu walipopata uhuru kitu cha kwanza walichorudisha ni kadi ya chama. Jibu fupi lakini limenikaa.

Mnashuka mpaka stesheni ya Balti. Tarehe 1 Disemba 1924, siku 17 baada ya Tomp kuuawa, wakomunisti kama 300 hivi walijaribu kupindua serikali alfajiri, waziri wa uchukuzi Karl Kark akauawa hapo hapo stesheni, na kabla ya mchana walikua wameshashindwa. Jaan Anvelt aliyeongoza lile jaribio alikimbilia Urusi, na huko huko Moscow 1937 akafia mikononi mwa polisi wa Stalin. Wenzake wengi waliokimbilia kule nao waliishia hivyo hivyo. Stesheni sasa hivi ina soko zuri la chakula, kuna watu wanakula supu pale pale mnapoongea haya mambo.

Kituo nilichokipenda zaidi ni Kalamaja, mtaa wa nyumba za mbao, kwenye jumba la utamaduni la Salme. Wakati wa Usovieti liliitwa jumba la utamaduni la Jaan Tomp. Mama anasema ujana wake wote alicheza dansi humo, kila Jumamosi wanaambiana twende Tombi, yaani kwa Tomp, na hakuna kijana hata mmoja aliyejua Tomp ni nani, lilikua jina la mahali pa kucheza tu. Baada ya uhuru jina likaondolewa likawekwa la mtaa. Nilimuangalia akiongea pale mlangoni, alikua anatabasamu kwa zile dansi na huku machozi yanamlenga, na ndio nikaelewa kwa nini alimchagua huyu mtu kati ya wote.

Kasoro zipo. Tulikua 19, ni wengi, ukiwa nyuma tramu ikipita husikii kitu, kundi lisizidi 10 jamani. Masaa mawili ya kwanza hakuna kusimama kwenda chooni, nimemwambia mwenyewe akaandika kwenye kidaftari chake. Patarei hamuingii ndani, mnaishia nje kwenye ukuta, upepo wa bahari unakata masikio, Novemba vaa soksi mbili na kofia ya sufu. Mgahawa mmoja tulioelekezwa kwa chakula cha mchana baada ya ziara ulituweka dakika 50 kwa supu iliyopoa, lakini hilo sio kosa la mama, na mkate wao mweusi na samaki wadogo wa chumvi nilivila mahali pengine jioni vikanifuta hasira.

Ukiwa na muda ongeza mwenyewe Maarjamäe, basi moja tu kutoka mjini. Nyuma ya jumba la makumbusho wamekusanya masanamu ya Kisovieti yaliyong'olewa mitaani, Lenin, Stalin, na Viktor Kingissepp, mkomunisti mwingine wa Estonia aliyepigwa risasi 1922, ambaye Wasovieti waliuita mji mzima wa Kuressaare kwa jina lake kuanzia 1952 mpaka 1988. Utayaelewa vizuri zaidi yale masanamu ukishatoka kwenye ziara kuliko ukienda kabla.

Nampa mama nyota nne na nusu kwa tano, hiyo nusu ni ya wingi wa watu. Nimeshawaambia wenzangu wa tawi, mwezi wa tano tunaenda 9, na nimemuomba atupe siku ya peke yetu na aongeze ile nusu saa ya Nestor. Kakubali.